Siku Tatu Milimani: Mwongozo Kamili wa Kupanga Safari ya Baiskeli na Kambi kwa Wikiendi Ndefu

Wikiendi ndefu ya siku tatu ina siku moja tu ya kuendesha baiskeli mpaka ukashiba. Siku ya kwanza inaliwa na barabara na kusimamisha hema. Ya tatu inaliwa na kufungasha na kurudi. Inabaki ile ya kati, na safari zangu zote zilizoharibika ziliharibika kwa sababu hiyo siku ya kati iliingiliwa: tulifika kambini usiku wa manane, baiskeli ya mmoja ikagoma asubuhi, maji yakaisha kabla ya saa sita mchana. Kwa hiyo mwongozo huu wote una kazi moja, nayo ni kuilinda siku ya kati. Ukiwa na siku nne, utakuwa na mbili za kulinda, na utaratibu ni uleule.

Chagua mahali kwa saa, si kwa picha

Watu huanza na picha nzuri ya mlima, kisha ndipo huuliza ni mbali kiasi gani. Anza na saa. Mimi mpaka wangu ni saa nne za kuendesha gari kwa upande mmoja. Saa nne kwenye ramani huwa tano na nusu barabarani ukiwa na baiskeli juu ya gari, vituo vya kunyoosha miguu na foleni ya wale wote walioona wikiendi hiyohiyo kwenye kalenda. Dereva apumzike kila baada ya saa mbili, na kama mko wawili wenye leseni, pokezaneni kabla mmoja hajachoka.

Sasa piga hesabu kinyumenyume. Angalia jua linazama saa ngapi mahali unapokwenda. Toa saa mbili: huo ndio wakati wa mwisho wa kufika kambini. Toa saa za barabara na vituo, na utapata saa ya kuondoka nyumbani. Kama jibu linakuambia uondoke kabla kazi haijaisha, una njia mbili za kweli: lala nyumbani na uondoke alfajiri, au tafuta mlima wa karibu. Usijidanganye kwamba mtakimbiza gari. Kuna usiku mmoja tulisimamisha hema kwa taa za gari, juu ya mteremko ambao hatukuuona, na kufikia asubuhi wote watatu tulikuwa tumeteleza na kurundikana kwenye kona moja ya hema. Siku ya kati tukaianza na shingo zilizokakamaa, tukaimaliza mapema.

Weka nafasi ya kambi mapema kadiri inavyowezekana, hasa wikiendi yenye sikukuu, na uulize mambo manne kabla ya kulipa: maji yapo na yananyweka, moto unaruhusiwa, baiskeli zinaruhusiwa kwenye njia zote au baadhi tu, na lango linafungwa saa ngapi. Hilo la lango wengi hulisahau.

Kambi bora ni ile ambayo njia za baiskeli zinaanzia hapohapo. Ukilazimika kupakia baiskeli kwenye gari tena asubuhi ya siku ya kati, umepoteza saa nzima, tena ile ya ubaridi mzuri.

Isome njia kabla ya kuipenda

Rangi za njia hazina maana moja dunia nzima. Uingereza utakuta kijani, bluu, nyekundu na nyeusi, kutoka rahisi hadi ngumu. Marekani ni duara la kijani, mraba wa bluu na almasi nyeusi, bila nyekundu katikati, kwa hiyo bluu ya huku si lazima iwe bluu ya kule. Nchi zinazozungumza Kijerumani hutumia pia vipimo vya S0 hadi S5, ambapo S0 ni njia laini isiyo na vikwazo na S5 ni mahali ambapo wengi hubeba baiskeli begani. Hata ndani ya nchi moja, njia hupangwa daraja na walioitengeneza, kila mmoja kwa jicho lake. Siku ya kwanza jaribu daraja moja chini ya lile ulilozoea, uone mahali hapo wanamaanisha nini.

Umbali peke yake haukuambii kitu. Kilomita 20 za tambarare ni mazoezi ya asubuhi, lakini kilomita 20 zenye mita 900 za kupanda ni siku nzima kwa watu wengi. Kwa kupanga, mimi hukadiria kilomita 8 hadi 12 kwa saa kwenye njia za milimani, kisha naongeza theluthi ya muda kwa pancha, picha, kula na kumsubiri wa nyuma. Kundi huenda kwa mwendo wa aliye dhaifu zaidi, na njia huchaguliwa kwa kumtazama yeye. Kama jambo hilo linamkera mwenye nguvu, mwachie mzunguko wake wa ziada jioni wakati wengine wanapika.

Chagua njia za mzunguko zinazopita karibu na kambi katikati ya safari, au zenye mahali pa kukatia kurudi. Pakua ramani kwenye simu zitumike bila mtandao, kwenye simu mbili tofauti, na uwe na nakala ya karatasi. Milimani mtandao hukatika palepale unapouhitaji.

Baiskeli: wiki mbili kabla, si usiku wa kuamkia safari

Wiki mbili zinatosha kugundua ubovu, kuagiza kipuri na kukijaribu. Usiku wa mwisho unatosha kugundua tu.

Anza na breki. Ondoa pedi uzitazame: kama tabaka lake linalosuguana na diski limebaki chini ya milimita moja hivi, badilisha. Pedi mpya zinahitaji kuzoeana na diski. Tafuta mteremko mdogo, shika kasi ya wastani, kamata breki kwa nguvu bila kusimama kabisa, achia, rudia mara 15 au 20. Usipofanya hivyo breki zitapiga kelele na kushika nusunusu siku yote ya kwanza. Na unapopaka cheni mafuta, kinga diski kwa kitambaa, kwani tone moja linatosha kuziua pedi.

Breki ndiyo historia yenyewe ya mchezo huu. Mwaka 1976, waendeshaji wa kaunti ya Marin, California, walianza kushindana kushuka mlima kwa baiskeli nzito za zamani zenye breki ya kukanyaga kinyume. Walipofika chini, grisi ya ndani ya habu (kitovu cha gurudumu) ya nyuma ilikuwa imechemka na kugeuka moshi, ikabidi waijaze upya kila mara, na ndiyo maana njia ile huitwa Repack, yaani "jaza upya". Breki za diski hazina shida ya grisi hiyo, ila joto bado ni adui. Kwenye mteremko mrefu kamata kwa nguvu kwa muda mfupi kisha achia zipoe, usiziburuze toka juu mpaka chini.

Cheni unaweza kuipima kwa rula. Viungo 24 vya cheni mpya, kutoka pini hadi pini, ni milimita 304.8. Ikifika 306.4 imechakaa, ibadilishe sasa, maana ukiendelea nayo italeta uchakavu kwenye meno ya gia, ambayo ni ghali kuliko cheni.

Kisha tazama kile kipande kidogo cha aluminiamu kinachoshikilia kibadili gia cha nyuma kwenye fremu. Simama nyuma ya baiskeli, inama macho yako yawe usawa wa gurudumu, angalia kama kibadili gia kinaning'inia sambamba na gia. Kikiwa kimepinda kuelekea ndani, gia zitaruka na siku moja kitaingia kwenye spoku. Kipande hicho kimetengenezwa kiwe laini ili kivunjike chenyewe badala ya fremu. Kila baiskeli ina umbo lake, na duka la karibu na mlima huenda lisiwe na cha kwako. Nunua cha akiba leo, ukifunge kwa utepe chini ya kiti, ukisahau mpaka siku yake. Katika vipuri vyote vya mwongozo huu, hiki ndicho ninachokisisitiza zaidi.

Kama unatumia matairi yasiyo na tyubu, litikise gurudumu karibu na sikio. Usiposikia maji ya kuzibia yakicheza ndani yameshakauka, kwa kawaida hukauka ndani ya miezi miwili hadi sita. Ongeza. Kama unatumia tyubu, weka upepo mwingi kidogo kuliko mwenzako asiye na tyubu, la sivyo rimu itaibana tyubu kwenye jiwe na kuitoboa matundu mawili yaliyo sambamba, kama nyoka kakung'ata.

Wikiendi moja kabla, endesha saa mbili na mzigo uleule utakaokuwa nao mgongoni. Chochote kitakachopiga kelele siku hiyo kitapiga kelele zaidi milimani.

Zana za kubeba njiani

Kila mtu abebe tyubu moja, pampu, viondoa tairi na maji yake. Vingine vinatosha kimoja kwa kundi: spana za L zote zinazohitajika, kifaa cha kukatia cheni, viungo viwili vya akiba vya cheni (hakikisha vinalingana na idadi ya gia), viraka, plagi za kuziba tairi lisilo na tyubu, vibana vya plastiki, na utepe mzito uliozungushiwa kwenye pampu usichukue nafasi.

Ongeza kipande cha tyubu ya dawa ya meno iliyokwisha, kilichooshwa na kukatwa ukubwa wa viganja viwili vya mtoto. Tairi likipasuka ubavuni, tyubu mpya itatokeza kwenye mpasuko kama puto na kupasuka ndani ya dakika. Weka kile kipande ndani ya tairi, katikati ya mpasuko na tyubu, kisha jaza upepo polepole huku ukiangalia. Kitakufikisha kambini.

Gari na keria

Keria ya nyuma ni rahisi kupakia na haimezi mafuta mengi, ila inaweza kufunika taa na namba ya gari, na nchi nyingi zinalikataza hilo, hivyo tafuta ubao wa taa na namba ya ziada. Keria ya juu huacha nyuma wazi, lakini hugeuza gari kuwa refu. Pima kutoka ardhini mpaka kwenye sehemu ya juu kabisa ya baiskeli, andika kwenye karatasi, bandika mbele ya usukani. Baiskeli nyingi nzuri zimeishia kwenye mlango wa gereji kwa dereva aliyesahau kwamba leo yeye ni mrefu.

Soma uzito ambao keria na gari vinaruhusu. Baiskeli nne za kilo 15 ni kilo 60, na keria yenyewe ina uzito wake. Baiskeli ya umeme inaweza kufika kilo 25, na ukiitoa betri utapunguza kilo tatu hivi, na betri itakuwa salama zaidi ndani ya gari. Fungasha baiskeli nzito karibu na gari, nyepesi nje. Simama baada ya kilomita 20 za mwanzo ukaze kamba zote upya, kwani mtikisiko wa mwanzo ndio huzilegeza.

Ukilazimika kutoa magurudumu, ingiza kipande cha plastiki au karatasi ngumu kati ya pedi za breki. Mtu akiibana breki bila diski ndani, pedi zitakutana na gurudumu halitaingia tena mpaka uzitenganishe taratibu kwa bisibisi pana. Na pandisha upepo wa matairi ya gari kwa kiwango kilichoandikwa kwa mzigo kamili, kwa kawaida kwenye fremu ya mlango wa dereva.

Kupanga mzigo: cha kwanza kutoka ndicho cha mwisho kuingia

Tumia makreti matatu: la kulala, la kupika, la baiskeli. Yabandike majina. Hema, tochi za kichwani na koti la mvua viwe juu ya kila kitu, kwa sababu unaweza kufika mvua ikinyesha na hutaki kutoa masufuria kwenye matope ukitafuta vigingi. Hesabu vigingi nyumbani. Simamisha hema nyumbani mara moja kama limekaa stoo tangu mwaka jana.

Mkeka wa kulalia wengi huudharau kwa kununua mfuko mzito wa kulalia. Ardhi hunyonya joto kutoka chini, na manyoya au pamba ya mfuko uliyoilalia imebanwa haina hewa ya kukukinga. Mikeka huandikwa kipimo cha R: chini ya 2 ni kwa usiku wa joto, 4 na zaidi ni kwa baridi ya kweli. Mlimani chukua mkeka wenye R kubwa kuliko unavyodhani.

Siku ya kwanza: hema kwanza, baiskeli baadaye

Mkifika, kishawishi ni kuruka juu ya baiskeli kabla jua halijazama. Zuieni. Tembea kwanza eneo la kambi. Tazama juu, uone kama kuna matawi makavu, kisha tazama chini, uone maji yangepita wapi mvua ikinyesha. Usilale kwenye mkondo mkavu hata mbingu ikiwa nyeupe, mvua inaweza kunyesha mbali usikokuona. Usilale pia kwenye bonde la chini kabisa, hewa baridi hutuama humo usiku na kuloesha hema kwa umande. Hatua chache juu ya bonde, mgongo wa hema ukielekea upepo, ndipo pazuri.

Lala chini mahali hapo dakika moja kabla ya kupigilia kigingi. Utahisi jiwe na mteremko. Kichwa kiwe upande wa juu.

Jiko lisiwashwe ndani ya hema kamwe, hata mvua ikinyesha, hata mlango ukiwa wazi. Moshi wake una hewa ya kaboni monoksidi isiyo na harufu, na watu wamelala wasiamke. Tandika turubai nje, upike chini yake. Kama kambi haina choo, chimba shimo la sentimita 15 hadi 20, angalau mita 60 kutoka kwenye maji na njia, ulifukie vizuri.

Hema likisimama na chakula kikiwa tayari kupikwa, hapo chukua baiskeli nusu saa kuzunguka karibu. Lengo ni kusikia kama safari imelegeza kitu.

Maji na chakula

Ukiendesha, unahitaji kati ya nusu lita na lita moja kwa saa, kulingana na joto. Kambini, kwa kunywa na kupika, panga lita nne kwa mtu kwa siku. Watu watatu kwa siku mbili kamili: lita 24 za kambi, na za njiani juu yake. Kama utachota kijitoni, chuja kisha chemsha mpaka yabubujike kwa dakika moja, na juu ya mita 2,000 dakika tatu, kwa sababu huko maji huchemka yakiwa na joto dogo.

Juu ya baiskeli kula kabla ya njaa: gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa baada ya saa ya kwanza. Ndizi moja ina karibu gramu 27. Tende, mkate wenye siagi ya karanga na viazi vya kuchemsha vyenye chumvi hubebeka vizuri. Chakula cha jioni kiwe cha sufuria moja, na mboga zikatwe nyumbani. Wa kupika na wa kuosha wajulikane kabla ya kuondoka.

Siku ya kati

Amkeni na jua. Baada ya chai, kila mmoja akague baiskeli yake: aminye matairi, abane breki, asukume usukani kuona kama unacheza, akaze mhimili wa magurudumu. Dakika tano.

Njia ngumu iwe asubuhi. Ajali nyingi nilizoziona zilitokea kwenye mteremko wa mwisho, miguu imechoka na mtu amesema, "Twende mara moja tu ya mwisho." Wekeni saa ya kugeuza, mnayokubaliana asubuhi mkiwa na akili timamu: ikifika, popote mlipo, mnarudi. Mteremko usioujua teremka mara ya kwanza polepole, ukishuka na kuangalia kwa miguu pale usipoona mbele.

Anayepanda ana haki ya njia kuliko anayeshuka, na wote wawili humpisha mtembea kwa miguu na farasi. Kukiwa na matope mazito, acheni njia hiyo. Mfereji utakaochimbwa na tairi lako leo utabeba maji ya mvua ijayo na kuiharibu njia kwa wote.

Likitokea la kutokea

Acheni ujumbe kwa mtu nyumbani: njia gani, wangapi, mtarudi saa ngapi, na apige simu kwa nani ikipita. Namba 112 hupigika kwenye simu za mkononi katika nchi nyingi, ila hakikisha namba ya uokoaji ya mahali unapokwenda. Mahali pasipo na mtandao, ishara ya hatari milimani ni filimbi au tochi mara sita ndani ya dakika moja, kimya dakika moja, kisha tena. Jibu la waliosikia ni mara tatu.

Mtu akianguka kichwa kikagonga, simameni hata akisema yuko salama. Akirudia swali lilelile, akitapika, akilalamika kichwa kinauma au akionekana mzito wa fikra, safari ya baiskeli imekwisha kwake na anahitaji daktari. Helmeti yake nayo imekwisha kazi, sponji yake ngumu huminywa mara moja tu, hata kama nje haina ufa. Mkono anaoushikilia kifuani huku bega limeshuka huenda ni mtulinga uliovunjika. Ufunge kwa kitambaa usicheze, na mtembee, msiendeshe.

Siku ya tatu

Pangeni mzunguko mfupi wa asubuhi, saa moja na nusu, rahisi. Hema muwe mmelifungua milango na kulianika tangu alfajiri. Dereva asiwe yule aliyeendesha zaidi ya wote jana. Kabla ya kuondoka, pangeni mstari mmoja mkiangalia chini mtembee eneo lote la kambi, mkiokota vigingi, vifuniko na vipande vya plastiki.

Mkifika nyumbani mtachoka na mtataka kuacha vyote ndani ya gari. Fanyeni mambo mawili tu usiku huo. Baiskeli ifutwe matope na cheni ikaushwe, ipakwe mafuta. Hema litandazwe, hata kama ni sebuleni juu ya viti, mpaka mishono yake ikauke kabisa, kwa kuwa likikaa limekunjwa na unyevu siku mbili tatu litaota ukungu, na ile harufu haitoki tena.